Njumu za Nyundo na Kijana wa Kalemie

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa pampu ya mpira, sindano mbili za kushonea ngozi na kopo la mafuta ya ng'ombe. Nilikuwa nimeajiriwa kama mtunza ghala msaidizi wa shirika moja la umma, na nilikwenda pale nikitegemea kupokea magunia na maturubai. Kumbe shirika lilikuwa na timu ya mpira, timu ilikuwa na stoo, na stoo ilihitaji mtu asiyeiba soksi. Mkuu wa Bohari, bwana mnene mwenye sauti ndogo, aliniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Mvumi. Akasema, "Basi wewe umekulia kwenye ng'ombe, ngozi unaijua." Usaili ukaishia hapo, na kazi hiyo nikaifanya mpaka nilipostaafu.

Vijana wa leo wakisikia mtunza vifaa wanadhani ni mzee wa kubeba mfuko wa mipira. Nawasamehe, hawakuwepo. Wakati wetu mpira ulikuwa wa ngozi tupu, vipande vimeshonwa kwa uzi wa nta, na ndani kuna bladda, yaani kile kibofu kinachojazwa upepo. Upepo wa Dodoma ukivuma wiki mbili ngozi inakauka mpaka inapasuka. Kwa hiyo kila Jumatatu nilipaka mipira mafuta, Jumanne nikashona iliyofumuka, na siku ya mechi jezi zote zilikuwa zimepigwa pasi ya mkaa. Lakini kazi yenyewe hasa ilikuwa njumu. Njumu ndivyo tulivyoviita viatu vya kuchezea, na zina meno chini ya soli. Uwanja wetu ulikuwa mgumu kama sakafu, na mwenye meno marefu hasimami juu yake. Mimi niliyapunguza kwa tupa, kidogo kidogo, kila mchezaji kwa uzito wake na namna yake ya kukimbia. Hakuna aliyenifundisha. Niliangalia soli zinavyolika, nikajua nani anakanyagia nje, nani anaburuta kisigino, nani anajifanya mgonjwa. Nilikuwa hodari, na sioni sababu ya kuficha.

Baada ya miaka minne nilihamishiwa Singida. Meneja wa Tawi kule hakupenda mpira hata kidogo. Alitaka jezi zitumiwe na wafagiaji wa ofisi. "Bwana Mchiwa," aliniambia, "nguo ni nguo." Nikamjibu kwamba jezi ni sare kama ya askari, na ufunguo sikuutoa. Nikarudishwa Dodoma na barua ya onyo. Meneja Mkuu akaisoma mbele yangu, akacheka, akanirudishia stoo yangu. Alisema mtu mkaidi ndiye anayefaa kukaa na ufunguo. Barua ile ninayo hadi leo.

Lazima niwaeleze desturi moja, maana bila hiyo hamtaelewa kosa langu. Miaka ile njumu hazikuuzwa dukani. Zilikuja kwa kibali, na klabu nzima ilikuwa na jozi kumi na sita. Mchezaji akiondoka, njumu zilibaki, na anayechukua nafasi yake ndiye anayezivaa. Nilimkabidhi kwa mikono miwili mbele ya wenzake, nikamtajia nani alizivaa kabla yake na alifanya nini nazo. Zikimbana, nilizilowesha nikazitanua kwa kalibu ya mbao. Zikimzidi, tulijaza pamba. Hakuna aliyekataa. Wengine walitokwa na machozi siku hiyo, wanaume wazima.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Shirika likawekwa kwenye orodha ya kuuzwa, ofisi zikafungwa mlango mmoja mmoja, na timu ikakabidhiwa kwa wanachama. Mimi nilikabidhiwa pamoja na timu, kama meza. Maduka yakajaa vitu ambavyo tulikuwa tunavisikia tu. Kwenye soko la mitumba njumu zilining'inizwa kwenye kamba, za kila saizi na kila rangi. Nilipita pale nikizitazama kwa dharau. Kwangu mimi kiatu kisicho na historia kilikuwa kiatu cha kwendea shamba.

Mwaka huohuo mshambuliaji wetu wa kati, tuliyemwita Nyundo kwa mashuti yake, akachukuliwa na klabu ya Dar es Salaam. Mji ulipoa. Mfadhili wetu mpya, mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa, akasema tusilie, analeta mtu kutoka nje. Alikuwa amesafirisha mzigo mpaka Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchi iliyokuwa inaitwa Zaire, na huko alimwona kijana wa miaka kumi na tisa akicheza uwanja wa shule. Anaitwa Kalenga. Hakuna aliyewahi kulisikia jina hilo.

Basi kijiweni hapakulalika. Kijiwe chetu kilikuwa Makole, mbele ya kibanda cha Chedego, fundi redio, mtu aliyekuwa na maoni juu ya kila jambo isipokuwa redio uliyompelekea mwezi uliopita. Chedego alisema mfadhili amepigwa. Mtu anakwenda kuuza mahindi, anarudi na mchezaji wa shule, wakati Kongwa na Mpwapwa zimejaa vijana wanaocheza pekupeku na kufunga. Aliyembishia ni Mama Sesilia, karani wa ofisi moja ya serikali, mkazi wa Area D na kiongozi wa washangiliaji wetu. Yeye alisema Wazaire wanazaliwa na mpira, na kwamba Chedego hajawahi kuvuka hata Mto Wami. Walibishana wiki nzima. Mmoja alitaka cheti cha kuzaliwa, mwingine alitaka picha, mwingine akauliza kama nje ni nje kweli ikiwa watu wa huko nao wanaongea Kiswahili. Mimi nilikaa kwenye benchi nikitabasamu, kwa sababu nilijua mwisho wataniuliza mimi.

Kalenga alishuka kwenye treni ya kutoka Kigoma asubuhi moja ya vumbi, na begi dogo la kitambaa. Mwembamba, mpole, mwenye macho ya kuinama. Tulimpa chumba nyuma ya stoo. Alasiri ile nikamwita mbele ya timu nzima, nikamkabidhi njumu za Nyundo. Nilisema maneno mengi. Nilimwambia viatu hivi vimefunga magoli ambayo watu wa hapa bado wanayasimulia, na kwamba atakayevivaa akavitia aibu, ajue amewatia aibu watu wa mji mzima. Akapokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema, "Aksanti, Papa," yaani baba kwa Kiswahili cha kwao. Nilifurahi sana. Nyundo alivaa saizi tisa. Kijana alisema yeye huvaa saba. Nikamwambia pamba ipo, na nikageuka kwenda kupanga jezi. Mimi, niliyejisifu kuijua miguu ya watu, sikuitazama miguu yake hata mara moja.

Mazoezi ya kwanza yalijaa watu kama mechi. Kijana akaanguka. Akanyanyuka, akaanguka tena. Mpira ulimgonga ugoko ukaenda unakotaka. Wenye kucheka wakacheka mpaka wakakaa chini. Mwalimu, ndivyo tulivyomwita kocha, akasema ni uchovu wa safari. Wiki ya pili safari ikawa imeisha na bado anateleza. Mama Sesilia aliendelea kumtetea, akisema maji ya Dodoma yana chumvi, mtu huyazoea kwa mwezi. Kwenye mechi mbili za ligi aliingizwa, na zote mbili akatolewa kabla ya mapumziko.

Siku moja kijiweni ndipo swali nililolingoja likaja. Mama Sesilia aliniuliza kwa heshima, sauti ya mtu anayetaka kutiwa moyo, "Mzee Mchiwa, wewe ndiye unayeijua miguu. Umemwonaje?"

Nikajiweka sawa kwenye benchi. Nikasema, "Mama, huyu mguu wake hauna kitu. Nimeshika njumu za watu wengi, najua. Mrudisheni kwao mapema."

Hakunibishia. Hakuna aliyenibishia. Neno langu liliondoka pale likafika sokoni, likafika Area D, na baada ya siku mbili hata wachezaji wenzake walikuwa wanamtania nalo: mguu hauna kitu. Wanachama wakaandika barua kwa Mwenyekiti wakitaka mkutano. Ukapangwa Jumapili, saa tisa alasiri, kwenye ukumbi wa shule ya msingi. Ajenda ilikuwa moja: kijana apande treni ya Jumatatu arudi kwao. Yeye mwenyewe aliniambia, akisaidia kukunja jezi, kwamba siku anaondoka Kalemie mtaa mzima ulimsindikiza bandarini, na mama yake aliimba. Mtu yeyote angeelewa kwamba kurudi namna ile kungemmaliza.

Kufua ilikuwa kazi yangu, lakini kijana huyu tangu aje alifua soksi zake mwenyewe. Nilimsifia usafi. Ijumaa ile Katibu wa klabu alimwita ghafla kwenda kujaza fomu za safari, naye kijana akaziacha kwenye beseni. Nikaziingizia mkono. Ndani ya kila soksi, kwenye vidole, palikuwa na pamba iliyoganda, nyeusi kwa damu ya zamani na nyekundu kwa damu mpya. Nikaenda chumbani kwake nikachukua njumu, nikatia mkono ndani. Alama ya vidole vyake iliishia mbali na ncha ya kiatu. Kisigino kilikuwa kinaelea. Mguu wake ulikuwa unasafiri mbele na nyuma humo ndani, kila hatua, kila shuti, kwa mwezi mzima. Kiatu kilikuwa kinasema kila kitu ambacho mimi nilitamba kwamba nakisoma.

Aliporudi nilimkalisha juu ya kreti, nikamvua ndala. Kucha mbili za vidole gumba hazikuwepo. Nikatandika karatasi ya mfuko wa saruji, nikamwambia akanyage, nikachora mguu wake kwa penseli. Nilipoweka njumu ya Nyundo juu ya mchoro, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, kabla wala baada. Sikumuuliza kwa nini alinyamaza. Nilijua. Ni hotuba yangu ile ndiyo iliyomfunga mdomo. Angeanzaje kuniambia viatu havimtoshi, baada ya maneno yale mazito? Nilimwosha vidole kwa maji ya chumvi, naye akasema nisijisumbue.

Jumamosi nikamweleza Katibu. Alikuwa mtu mwema na mwenye akili za mjini. Alinivuta pembeni akaniambia ninyamaze. Mfadhili alikuwa na mpwa wake huko Kibaigwa aliyekuwa anaitaka stoo ile kwa muda mrefu, na kosa la vifaa ndilo sababu pekee iliyokosekana. Nikisimama mkutanoni, nimempa sababu hiyo. Kijana ataondoka, alisema, watu watasahau, na mimi nitabaki na kazi yangu. Nilikuwa na miaka hamsini na kitu. Shirika lilishakufa, sikuwa na pa kurudi, na nje ya stoo ile hakuna kitu nilichokuwa najua kukifanya. Niliogopa, na sitawadanganya kwamba sikuogopa. Nilizunguka uwanja wa mazoezi mara tatu. Kila nilipotaka kukubaliana na Katibu, nilimkumbuka yule kijana akiinua mguu taratibu kutoka kwenye beseni ili nisione anavyoumia.

Jumapili ukumbi ulijaa, na waliokosa nafasi walisimama madirishani. Mwenyekiti, aliyekuwa zamani ofisa katika wizara, alifungua kikao kwa taratibu zote. Chedego alizungumza kwanza na akazungumza vizuri, lazima nikiri. Alisema klabu si shule. Wengi wakapiga makofi. Mfadhili alikaa mbele, amekunja uso, kwa sababu kila aliyesema alikuwa anamsema yeye. Kalenga alikaa kwenye kona, na begi lake lilikuwa tayari miguuni.

Nikanyoosha mkono. Nilikwenda mbele na njumu moja, soksi mbili na karatasi ya saruji. Nikavitandaza mezani mbele ya Mwenyekiti, nikangoja mpaka wa mbele wakaona na kuwanong'oneza wa nyuma. Kisha nikasema kwamba kijana huyu amecheza mwezi mzima kwa viatu vya mtu mwingine, saizi mbili zaidi, na aliyemvalisha ni mimi. Nikasema sokoni viatu vyake vipo, vimening'inia, na mimi nilivipita kwa kiburi. Nikasema neno walilolibeba, kwamba mguu wake hauna kitu, nililitoa mimi, na nilikuwa sijautazama.

Mama Sesilia akasimama. Hakupaza sauti. "Kwa hiyo, Mzee, sisi tumekuwa tunamzomea mtu anayevuja damu?"

Nikamwambia ndiyo.

Akakaa, akajifunika uso kwa khanga. Hapo mfadhili akaniuliza kama najua kwamba kosa la vifaa ni la mtunza vifaa, na kwamba ameshamfukuza mtu kwa dogo kuliko hilo. Nikamjibu kwamba najua, na ufunguo nimekuja nao. Nikauweka mezani, karibu na soksi. Mwenyekiti akapigisha kura ya mikono. Kijana akapewa mechi moja, ya Jumamosi inayofuata, kwa viatu vyake mwenyewe. Kuhusu mimi wakasema wataona baadaye.

Jumatatu nilikwenda naye mitumbani. Nilimwambia achague yeye. Alijaribu jozi sita bila haraka, akachukua za kijani zilizopauka, mbaya kuliko zote. Nilitaka kusema kitu nikajizuia, na kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa kazi nzito. Nyumbani kwangu nilimwomba akimbie mbele yangu, nikaona anakanyagia nje ya mguu wa kushoto. Nikapunguza meno kwa tupa, upande huo kidogo zaidi. Alikaa kwenye kreti akinitazama, vidole vyake vimefungwa bandeji.

Jumamosi upepo ulikuwa mkali, vumbi linazunguka golini. Natamani niwaambie alifunga matatu. Hakufunga hata moja. Lakini dakika za kwanza tu alipokea mpira kwa mguu wa kushoto, akasimama nao, akasimama tu, na mabeki wawili wakapita kama wanaokimbilia basi. Uwanja ukanguruma. Alitoa pasi mbili ambazo hata kipofu angezifunga, moja ikafungwa, na tukashinda kwa hiyo moja. Chedego alipita kwenye jukwaa akimwambia kila mtu kwamba yeye alisema tangu mwanzo. Nilimwacha aseme.

Jioni mfadhili alinipa ufunguo wangu. Nilimuuliza kuhusu mpwa wake. Akasema, "Mpwa wangu angenyamaza." Akaondoka. Sikuwahi tena kumgawia mtu viatu vya aliyetoka. Nilizifunga njumu za zamani kwenye gunia, na kila mchezaji mpya niliweka mguu wake juu ya karatasi kabla sijamuuliza hata jina.

Kalenga alituchezea misimu miwili. Msimu wa pili yeye ndiye aliyeongoza kwa magoli kwenye timu, na wale waliotaka cheti chake cha kuzaliwa walikuwa wanawapa watoto wao jina lake. Kisha klabu ya Dar es Salaam ikamtaka, na kwa haki akaenda. Nilimsindikiza stendi asubuhi. Tulifika mapema, tukanywa chai kwa mama mmoja pale. Nilikuwa na amani, nikaona nimalizie jambo moja lililobaki. Nikamwambia mwanangu, nisamehe kwa ile hotuba yangu ya siku ya kwanza, najua ndiyo iliyokuzuia usiseme viatu ni vikubwa.

Akanitazama kama mtu asiyeelewa. Akasema si hotuba. Wiki zile za kwanza aliona haya kidogo, ndiyo, lakini alikuwa amejiandaa kuja kuniambia.

"Basi kwa nini hukuja?"

Akazungusha kikombe mezani. Alikuwa bado anaongea Kiswahili cha kwao akiwa na mimi. "Papa, nilijuaka kiatu ni kikubwa. Lakini nikasikia wewe ulisema mguu yangu haina kitu. Na wewe unajua miguu. Mi nikaamini. Nikasema, sasa kiatu kitasaidia nini?"

Basi likapiga honi. Alinikumbatia, akapanda, akanipungia dirishani mpaka lilipokata kona. Mimi nilibaki pale na vikombe viwili. Mkutanoni nilikuwa nimeungama kiatu, neno nikalitaja kwa kupita tu bila kujua kwamba ndilo lililomnyamazisha, na nikajiona mtu jasiri kwa miaka miwili.

Nilistaafu miaka kadhaa baadaye. Walinipa baiskeli na hotuba nzuri, na Mwenyekiti alisema hakuna mtunza vifaa kama mimi kati ya Morogoro na Tabora. Ni kweli, sitampinga. Bado nakwenda kijiweni karibu kila alasiri. Siku hizi wachezaji wa nje ni wengi, kila dirisha la usajili wanaletwa wengine, vijana ambao hakuna aliyewahi kusikia majina yao, na ubishi ni uleule. Wakishachoka wananigeukia mimi. Nawaambia bado natazama. Wanadhani uzee umenitoa makali. Maoni ninayo, na mara nyingi ni sahihi. Ila kijana anayesemwa yupo hapa mjini, anapita mitaani, na naogopa asije akayasikia akayaamini.